Anti, ile barua iliyombadilisha niliiandika mimi

Anti shikamoo,

Naomba usitaje jina langu wala shule, we sema tu ni shule ya bweni ya wasichana huku nyanda za juu kusini kwenye baridi. Nina miaka 19, tukifungua naingia kidato cha sita, na ni mmoja wa viongozi wa kikundi chetu cha wanafunzi Wakatoliki. Shuleni simu haturuhusiwi kwahiyo naandika nikiwa likizo kwa simu ya dada, ikifika usiku ndo ananiachia, samahani kama nitarukaruka.

Kila Septemba tunakuwa na mafungo ya siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili, kwenye nyumba ya masista nje ya mji. Mlezi wetu, ambaye ni mwalimu, alielezwa na padre mmoja aliyesoma Marekani kwamba kule shule nyingi za Kikatoliki zina mafungo yanaitwa Kairos, yanaongozwa na wanafunzi wenyewe, akaipenda akaanza kufanya hivyo hivyo na sisi. Yaani mada tunatoa sisi, ushuhuda tunatoa sisi, vikundi vya watu sabasaba tunaongoza sisi, walimu wanakaa nyuma kabisa kama hawapo. Na mimi nayapenda sana Anti, naomba uelewe hilo kwanza. Mimi mwenyewe nikiwa kidato cha tatu yalinikuta na hasira zangu za baba kutuacha, na dada mmoja wa kidato cha sita alisimama akasema maneno ambayo nilidhani ni mimi peke yangu duniani nayawaza. Hakuna mhubiri aliyewahi kunifikia vile.

Sasa usiku wa tatu kuna barua. Washiriki hawaambiwi. Mlezi anawapigia wazazi kuanzia Julai anawaomba kila mmoja amwandikie mwanae barua ya kumwambia anampenda. Zingine zinaletwa na konda wa basi, wengine wanapiga picha wanatuma WhatsApp tunaziprinti steshenari mjini, wasioweza kuandika wanarekodi sauti sisi tunaandika walichosema vilevile. Wazazi wetu unawajua Anti, wengi hawajawahi kutamka "nakupenda mwanangu", kwahiyo ule usiku ni kilio mwanzo mwisho.

Mwaka jana nikiwa kwenye timu kwa mara ya kwanza, tulikuwa na washiriki 46. Saa mbili usiku tunahesabu bahasha, ziko 45. Iliyokosekana ni ya binti nitakayemwita Neema, si jina lake, alikuwa kidato cha pili. Neema kalelewa na bibi, wazazi wote hawapo, na bibi ana kitochi ambacho muda mwingi hakina chaji. Mlezi alijaribu akamkosa, mambo yakawa mengi, akasahau. Akaniangalia akasema, "Wewe si mnalala bweni moja, unamjua bibi yake kwa stori, andika chapchap, hatuwezi kumwacha mtoto mmoja mikono mitupu mbele ya wenzake."

Nikaandika. Nilikaa stoo ya masista juu ya gunia la mchele, tochi nimeing'ata mdomoni, karatasi nimechana kwenye kaunta buku, na nikatumia mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nikamwita "mama'ngu" kwasababu ndivyo bibi yake anavyomwita, ana jina la mama yake huyo bibi. Nikaandika kwamba yule kuku mwenye kishungi ametotoa. Nikaandika "nakuombea kila asubuhi nikiwasha moto", maana Neema aliniambia usiku mmoja umeme umekatika kwamba bibi yake huwa anasali akiwa anapuliza moto, anakohoa huku anasali. Yote niliyoandika alininong'oneza yeye mwenyewe kitandani. Mistari kumi na mbili. Mlezi akaiweka kwenye bahasha ya kaki kama zile zingine.

Anti, Neema aliisoma amesimama chini ya balbu, halafu miguu ikaisha akakaa chini sakafuni. Akasema, "Bibi hajui kuandika. Sijui kamwomba nani. Kajisumbua kwa ajili yangu." Nilienda chooni nikatapika.

Kabla ya hapo Neema alikuwa mtoto wa kesi. Alishawahi kusimamishwa shule kwa kupigana, na kutoroka kwenda kununua chipsi barabarani ilikuwa kawaida yake. Kuanzia pale amekuwa mtu mwingine kabisa, anaimba kwaya, anasali, darasani alikuwa wa mwisho mwisho saizi yuko wa nane. Ile barua iko ndani ya Biblia yake, imelainika mpaka kwenye mikunjo inataka kuchanika, amebandika selotepu. Alipoenda likizo ya Desemba nilikaa mwezi mzima nasubiri bomu, nikajua akimwambia bibi asante kwa barua nimekwisha. Alirudi Januari hakusema kitu. Alinipa maparachichi mawili tu, akasema yametoka kwa bibi.

Sasa kabla hatujafunga shule mwezi huu wa sita, majina ya timu ya Septemba yalibandikwa. Neema yumo. Atatoa ushuhuda ule usiku wa tatu wenyewe, na kichwa alichoandikisha ni "Barua". Na mimi ndiye niliyepangiwa kukaa na watoa ushuhuda kupitia walichoandika.

Nilimfuata mlezi nikamwambia siwezi. Akasema, "Mungu alitumia mkono wako, hiyo kitu ifunge." Mwenyekiti wetu naye anajua, anasema matunda ni mazuri mi nataka kuvuruga nini, na kwamba nimeanza kupoa kiroho. Labda ni kweli nimepoa maana nikisali nahisi kama naigiza. Nimeanza kujiuliza haya mafungo ni ya nini hasa. Kama ni ya kuliza watu, tulifaulu. Kama ni ya kumpeleka mtu kwa Mungu, nilimpeleka Neema kwa Mungu kwa uongo, au sikumpeleka popote?

Nikimwambia, naogopa atarudi alikotoka na imani itaondoka. Nisipomwambia atasimama mbele ya watu arobaini na kitu kumshukuru Mungu kwa barua yangu, na mimi nimekaa pale nampigia makofi. Nifikirie pia kujitoa kwenye timu? Nisaidie Anti.

Mwandishi wa mkono wa kushoto

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma jana usiku, nikairudia asubuhi kabla sijawasha hata jiko, na pale kwenye gunia la mchele nilisimama muda. Kwanza pole. Umebeba hiki kitu miezi tisa peke yako, na uliwekewa kichwani na mtu mzima ambaye alikuwa na haraka. Hilo nalisema mwanzo kabisa sababu kwenye barua yako nzima hakuna mahali umelisema wewe. Umeandika "niliandika", "nilimpeleka Neema kwa uongo". Mlezi kamwita nani? Nani alisahau kumtafuta bibi tangu Julai? Simtukani mlezi wako, naamini alimhurumia yule mtoto kweli, mtu asiye na huruma asingehangaika na bahasha 46. Ila ulikuwa na miaka 18, uko chini yake, ulipewa dakika chache, na ukatii.

Ngoja niangalie kama nimekuelewa. Wewe unaona una milango miwili tu, kusema uvunje au kunyamaza uishi na unafiki, halafu kuna kamlango kadogo ka nyuma ka kujitoa kwenye timu. Na chini ya yote kuna swali ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, kwamba je, kilichompata Neema kilikuwa cha Mungu au kilikuwa chako. Nianze na hilo maana mengine yanalifuata.

Haya mafungo mliyoyachukua yana historia yake, na inasaidia kuijua. Neno kairos ni la Kiyunani, ndilo lililoko pale Marko 1:15 Yesu anaposema "Wakati umetimia". Si wakati wa saa ya ukutani, ni ule muda ambao jambo limeiva. Na mtindo wenyewe wa mada na ushuhuda na vikundi vidogo una mizizi kwenye Cursillo, mafungo yaliyoanzia kisiwa cha Mallorca kule Hispania miaka ya 1940. Kwenye Cursillo kuna kitu wanakiita palanca, kwa Kihispania maana yake ni wenzo, ule ule wa darasa la fizikia, unaweka chini ya jiwe zito unalinyanyua. Palanca ni sala na sadaka ambayo mtu wa nje anaitoa kwa ajili ya yule aliyeko mafungoni. Mmoja kafunga kula, mwingine kapiga goti usiku. Barua inakuja kumpa mtu taarifa tu kwamba kuna mtu mahali fulani ameshakubeba tayari.

Sasa rudi kwenye mistari yako kumi na mbili. "Nakuombea kila asubuhi nikiwasha moto." Hiyo ni uongo? Kwa maelezo yako mwenyewe yule bibi anapuliza moto, anakohoa, anasali. Wenzo ulikuwepo mwanangu. Bibi alikuwa anafanya kazi yake kila alfajiri bila karatasi wala kalamu. Wewe uliandika jambo la kweli ukaweka sahihi isiyo ya kweli. Sisemi hivi ili upumue ukasahau, sahihi nayo ni kitu, mtu akisaini jina la mwenzake benki hatumwambii basi si hela ilikuwa yake. Nasema ili usiseme "sikumpeleka popote". Hilo hulijui.

Kuna habari moja kwenye Biblia imekuwa inanijia kila nikifikiria kisa chako. Mwanzo 27. Isaka mzee, macho hayaoni, anataka kumbariki Esau. Mkewe Rebeka anamvalisha mwanae mwingine, Yakobo, ngozi za mwanambuzi mikononi maana Esau ana manyoya, anamtuma aende kwa jina la mwenzake. Yakobo anaogopa, anasema nikigundulika je, na mama yake anamjibu, "Laana yako na iwe juu yangu, mwanangu." Na Isaka anampapasa anasema, "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Kwako imegeuka tu, sauti ilikuwa ya bibi, mkono ulikuwa wako, tena wa kushoto.

Vitu viwili vinanishika pale. Cha kwanza, ukweli ulipotoka ile baraka haikufutwa. Isaka alitetemeka sana, lakini akasema aliyebarikiwa atabarikiwa. Kwahiyo Mungu kupita kwenye njia iliyochafuka si jambo geni, na hapo mlezi wako ana hoja. Cha pili ambacho mlezi wako hajakigusa, ile nyumba ilipasuka. Esau alilia kwa uchungu, Yakobo alikimbia akakaa ugenini miaka 20, na Rebeka aliyesema laana iwe juu yangu, aliyeishia kutoroka hakuwa yeye. Mtu mzima alisema nitabeba, akabeba kijana. "Mungu alitumia mkono wako, ifunge" inaweza kuwa kweli nusu ya kwanza na isiwe kweli nusu ya pili.

Na hapa naomba nikuulize kuhusu yale maparachichi.

Umesema ulisubiri bomu mwezi mzima. Neema akakaa na bibi yake kuanzia Desemba, nyumba moja, moto mmoja, na ana barua anayoipenda mpaka kaibandika selotepu. Wewe unaamini hakuigusia kabisa? Inawezekana, kuna watoto wanaona haya kumshukuru mtu mzima kwa maneno matamu. Lakini inawezekana pia alisema, "Bibi asante kwa barua", na bibi akasema, "Barua ipi?" Halafu mtoto akakaa kimya, akaanza kuhesabu ni nani anajua habari za kuku mwenye kishungi, nani anajua bibi anasali akipuliza moto. Umesema mwenyewe alimnong'oneza mtu mmoja, usiku umeme umekatika. Akarudi shuleni akampa mtu huyo maparachichi mawili akasema yametoka kwa bibi. Sijui kama ndivyo. Naweza kuwa nimekosea kabisa, parachichi linaweza kuwa parachichi tu. Ninachosema ni kwamba mipango yako yote umeijenga juu ya jambo moja, kwamba Neema hajui, na hilo hukumuuliza. Hata huo ushuhuda wake hujausoma, umesoma kichwa cha habari.

Halafu kuna hili la "akijua atarudi alikotoka". Mwanangu, miezi tisa ni mingi. Barua ilimwangusha sakafuni usiku mmoja, sawa, ila aliyeamka asubuhi Jumatatu akaenda darasani akakaa ni nani? Aliyejizuia asitoroke, aliyejifunza sauti ya pili kwenye kwaya, aliyetoka mwisho mwisho mpaka wa nane? Barua haifanyi hesabu. Pengine unampunguzia sifa zake bila kujua, unazirudisha zote kwenye karatasi yako. Lakini pia sitakudanganya kwamba hawezi kuumia. Mtoto asiye na mama wala baba, kitu kinachomuuma kupita vyote ni kugundua waliomzunguka walikuwa wanajua jambo lake yeye hajui. Hiyo hatari ipo, na mtu asikwambie haipo.

Tuitazame sasa milango, mimi naona iko zaidi ya miwili, na kila mmoja una upepo wake.

Kunyamaza. Wapo watu wazima wenye hekima ambao wangekushauri hivyo, na si kwa ubaya, wangesema kuna ukweli unaomfaa msemaji kupumua tu na unamwachia msikilizaji mzigo. Hilo lipime moyoni, kwamba unataka kusema kwa ajili yake au kwa ajili ya kutapika kwako. Lakini kuna jambo la kawaida kabisa la bwenini. Siri hii inajulikana na watu watatu, wewe, mlezi na mwenyekiti, na mwenyekiti ni msichana wa miaka kama yako. Nimelala bweni miaka sita, siri ya watu watatu huwa na miguu. Akiipata Neema kwa mtu mwingine, kwenye foleni ya maji, siku ya ugomvi, hapo itamfikia bila mkono wowote wa kumshika. Na baada ya kusimama hadharani kushuhudia itakuwa mbaya mara kumi.

Kusema. Ukichagua huu, wakati na mahali ni nusu ya jambo. Usiku wa tatu wenyewe na mishumaa imewashwa, hapana, hapo utakuwa unamfanyia kitu kile kile cha kwanza, kumkuta kwenye hisia asipoweza kujitetea. Usiku wa kuamkia mafungo pia unanitisha. Mapema, mchana, sehemu yenye nafasi ya kulia na nafasi ya kuondoka, na kuwe na mtu mzima anayemwamini yeye, si unayemwamini wewe, labda matroni au mmoja wa wale masista. Na uwe tayari akikasirika asikuongeleshe muhula mzima. Itakubidi ukae na hasira yake bila kumuomba akusamehe haraka haraka ili wewe upone.

Kumrudishia mlezi. Huu nauona umeuacha haraka mno. Ulienda ukamwambia "siwezi", akakujibu sentensi moja, ukaondoka. Unaweza kurudi na maneno tofauti, kwa heshima yako yote, "Mwalimu, ile barua uliniagiza wewe, naomba jambo hili tulibebe wote, na mwenye kumwambia Neema kama ataambiwa uwe wewe au tuwe wote wawili." Anaweza kukataa. Anaweza kuona unamtishia, na yeye ndiye mwalimu wako na mwaka wa mtihani ndio huu, hilo lina uzito wake silifichi. Ila kuna padre anayekuja kwenu, kuna masista. Papa Fransisko mwaka 2019, baada ya ile sinodi ya 2018, mkutano wa maaskofu kuhusu vijana, aliandika kwamba vijana wenyewe ndio watendaji wa utume wa vijana, na palepale akasema wanahitaji kusaidiwa na kuongozwa. Watu wengi wanashika nusu ya kwanza. Walimu wakikaa nyuma kabisa kama hawapo ni vizuri mpaka dakika ambayo kuna jambo zito kuliko mabega ya mtoto wa miaka 18, hapo wanatakiwa wawepo.

Kuungama unaweza, na nadhani moyo wako utapata pumzi kule, maana hilo la kusali unahisi unaigiza silisomi kama kupoa, mtu aliyepoa hatapiki. Ila kitubio kitakupa msamaha wewe, taarifa hakitampa Neema. Ni mambo mawili.

Kujitoa kwenye timu sitakukataza. Kuna kujitoa kwa sababu mtu anahitaji kupumzika na kuna kujitoa ili asiwepo ikitokea, na wewe ndiye unajua ni ipi. Jiulize pia ukiondoka nani atakaa na Neema kupitia maandishi yake.

Na mlango mwingine ni wa kuanza kwa kusikiliza. Umepangiwa kukaa naye, kazi hiyo unayo kihalali. Unaweza kumwambia tu, nisomee ulichoandika. Ukanyamaza ukasikia mpaka mwisho. Huenda ushuhuda wake hausemi unachodhani. Huenda ndani yake kuna sentensi inayokungoja wewe. Na kama hamna, kama kweli anamshukuru bibi kwa kuandika, angalau utakuwa umejua alipo kabla hujafungua mdomo. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuuliza uso kwa uso, "Dada, unamjua aliyeandika?" na hapo utajibu bila kujiandaa. Kwahiyo hata kama unaenda kusikiliza, nenda umeshajua moyoni swali hilo utalijibu vipi.

Umeniuliza mafungo ni ya nini. Mimi nimekulia kwenye makongamano ya Pasaka ya wanafunzi, tunalala chini madarasani, uji wenye moshi, nyimbo mpaka sauti inakauka, na nikikumbuka kilichonibadilisha si usiku wa kulia ingawa nililia. Ni dada mmoja aliyetuambia yeye bado anasoma Zaburi zilezile za kuomboleza sababu hajapata jibu. Hakuwa na mwisho mzuri wa stori. Nikajua kumbe naweza kuwa hapa na mimi sijakamilika. Nadhani hiyo ndiyo sababu inatakiwa kijana amwambie kijana. Joseph Cardijn, yule padre wa Ubelgiji aliyeanzisha umoja wa vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925, alikuwa na imani hiyo, mfanyakazi afikiwe na mfanyakazi mwenzake, na njia yake ya ona, amua, tenda mpaka leo iko kwenye vikundi vya wanafunzi kama chenu. Na angalia inaanzia wapi, kuona. Kuona kilichopo kweli, kabla hujaamua chochote. Yule dada wa kidato cha sita aliyekufikia na hasira zako za baba alikufikia kwasababu alisema ya kwake yalivyo. Machozi yalikuja au hayakuja sijui, wewe hata hukuyataja.

Eliya naye kule Horebu alipata upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo. Alikuja kwa "sauti ndogo, ya utulivu". Sidharau ule usiku wenu wa barua, naupenda, mzazi wa Kitanzania kumwandikia mwanae "nakupenda" ni jambo kubwa na natamani shule nyingi zifanye. Ila umeona mwenyewe kilichotokea usiku ule, ratiba ilikuwa imeshakuwa na nguvu kuliko mtu. Bahasha ikikosekana, ratiba inasema tengeneza. Ingekuwaje mlezi angemwita Neema pembeni saa mbili ile akamwambia, "Mwanangu, kuna barua usiku huu na ya bibi yako haikufika, kosa ni langu, kaa na mimi"? Ingemuuma. Pengine angekaa nje kwenye baridi na mtu mmoja amemshika bega wakati wenzake wanasoma ndani. Mimi siwezi kuapa kwamba Mungu asingemkuta pale.

Na mwaka huu je? Hilo lifikirie hata kama mengine yote bado yana ukungu. Kwenye orodha ya Septemba bila shaka kuna bibi mwingine mwenye kitochi kisicho na chaji. Kuna mtu anaweza kupanda basi sasa hivi, likizo hii, akakaa naye jikoni na kalamu, akaandika anachosema kwa sauti yake, na chini akaandika wazi kabisa, "Nimeandikiwa na fulani, maneno ni yangu." Hata bibi yake Neema bado yupo, hajaulizwa na mtu yeyote kama ana neno la kumwambia mjukuu wake. Sisemi uende wewe kwa siri, isije ikawa barua ya pili ya kuficha ya kwanza, hilo kama litafanyika lifanyike na Neema akijua. Ila lipo.

Tarehe ya kufungua ikikaribia usijilazimishe uwe umeshaamua yote. Anza na kumtafuta mahali pa utulivu, na kama parachichi zimeanza kuiva huko kwenu mpelekee na wewe mawili. Halafu muulize Desemba bibi alisema nini alipomkabidhi yale ya kukuletea. Niandikie, namba ya dada ninayo, nitasubiri.